Kasema nini? Kaseti za baba kwa fundi wa Mlandege

Nawaandikia wenye kaseti za zamani kabatini, wale wanaoogopa kuzipiga na wanaoogopa kuzitupa. Mwezi uliopita nilitoka Wete na kaseti tatu za marehemu baba yangu ndani ya mkoba wa ukili, nikapanda boti Mkoani, nikashuka Malindi, nikatembea kwa miguu mpaka Mlandege kwa fundi niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Alinifanyia kazi nzuri sana, na katikati yake akanikosea vibaya. Nitasema yote mawili, kwa sababu mwenye kaseti moja tu duniani anahitaji kuyajua yote mawili kabla hajaitoa mkononi.

Jina la duka sitaliandika. Ukifika Mlandege, ulizia fundi redio anayehamisha kaseti kwenye flashi, utaoneshwa. Ni chumba kimoja, mlango wa mbao wa rangi ya kijani, upana wake watu wawili wakikaa goti kwa goti wameshaujaza. Redio zilizofunguliwa matumbo zimepangwa mpaka darini. Juu ya meza kuna deki mbili za kaseti, kompyuta, hedifoni nzito za zamani, kopo la spiriti na vijiti vya pamba. Ukutani kuna karatasi ya bei iliyoandikwa kwa mkono: kaseti ya dakika 60 shilingi 8,000, ya dakika 90 shilingi 10,000, kanda ya video shilingi 15,000, flashi ulete mwenyewe. Chini ya bei kuna maandishi mengine: kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90, tafadhali usituharakishe.

Bei hiyo ni hiyo hiyo kwa kila aliyeingia siku ile, na nilikaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa hiyo niliona. Kila anayetoa kazi anapewa risiti yenye namba, na namba hiyo hiyo inabandikwa kwenye kaseti yake. Mimi nilikuwa namba 14.

Sasa kaseti zenyewe. Baba alikuwa mtu wa karafuu na mtu wa redio. Hakuwa na chama alichokipenda sana, ila alipenda kusikia wakubwa wanasema nini, khasa wakishaondoka kwenye kiti. Alikuwa akisema mtu aliyekwishashuka mnarani ndiye anayejua ngazi ipi mbovu. Kaseti ya kwanza ameiandika MWALIMU, MBEYA, MEI MOSI 95. Ya pili, MWALIMU, NYUFA 95. Ya tatu, kwa kalamu nyekundu, MWINYI, KUAGA.

Wasomaji vijana pengine mnahitaji kukumbushwa. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwenyewe mwaka 1985, akaacha na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Mwaka 1995, Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, na nchi inaelekea kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe mwaka 1992. Mwezi wa Machi Mwalimu alikutana na waandishi wa habari Dar es Salaam, pale Kilimanjaro Hotel, akawazungumzia nyufa za taifa. Tarehe 1 Mei akasimama mbele ya wafanyakazi Mbeya. Hotuba hizo zilisambaa kwa kaseti, mkono kwa mkono, na zikavuka bahari mpaka kwetu Pemba.

Za kwetu zilivuka na jirani aliyekuwa akifanya kazi melini. Alituazima zote mbili usiku mmoja tu, kesho yake anaondoka nazo. Nilikuwa na umri wa miaka 11. Baba akaazima redio kaseti ya ami, ndugu yake, akaiweka mbele ya ya kwetu, uso kwa uso kama watu wanaonong'onezana, akanunua betri mpya, akatuamrisha tunyamaze. Moja inasema, nyengine inarekodi. Lakini bibi, mama yake baba, alikuwa haskii vizuri, na alikataa kwenda kulala. Kila Mwalimu akisema jambo zito, bibi anauliza, "Kasema nini?" Na baba, ambaye ametuamrisha sote kimya, anamrudia kwa sauti kubwa karibu na sikio lake. Yote yameingia kwenye kaseti. Kuku wamo. Mvua ya masika juu ya mabati imo.

Baba amefariki, na bibi kabla yake. Hakuna kaseti nyengine yoyote yenye sauti zao. Naandika hili mapema ili mfahamu kilichonitokea baadaye.

Fundi ni mtu mzima, mwenye mvi chache, na anazungumza taratibu. Kwanza hakuipiga kaseti hata moja. Aliishika moja moja karibu na taa, akaigeuza, akatazama utepe kupitia kidirisha. Ya kwanza akasema nzima. Ya pili akanionesha kipande kidogo cha sponji kinachotakiwa kuusukuma utepe ugusane na hedi, yaani kichwa cha deki kinachousoma. Kimebanduka na kuanguka ndani, na ndiyo maana kila nilipojaribu kuipiga nyumbani sauti ilikuwa inafifia na kupotea. Akaifungua skrubu zake tano kwa bisibisi ndogo kama sindano, akabandika sponji nyengine kutoka kaseti ya taarabu iliyokwishaharibika, akafunga. Dakika sita hazikufika. Ya tatu alipoishika, akaacha kusema.

"Mwalimu, hii ina ukungu."

Akanionesha. Pembeni mwa utepe, pale unapojizungusha, kulikuwa na weupe kama unga wa muhogo. Akanieleza kuwa kaseti ya namna hiyo ukiipiga, ule ukungu unahamia kwenye hedi, na hedi inaupeleka kwenye kaseti ya mtu mwengine, na utepe wenyewe unaweza kunasa ukakatika. Nyumba zetu zina unyevu, masika hayana huruma, na kaseti zikikaa chini ya kitanda miaka ishirini na tano ndivyo zinavyokuwa. Akaitia ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, akaandika namba 14 juu ya mfuniko. Akasema itakaa humo wiki kadhaa, halafu ataukunjua utepe wote kwa mkono, taratibu, ukipita katikati ya kitambaa kikavu, kisha ataupandisha kwenye ganda la kaseti nyengine, maana ganda la hii halina skrubu, limegandishwa na halifunguki bila kuvunjwa. Bei? Ileile 10,000. Nilimuuliza mara mbili.

Wakati nasubiri, aliingia mtu mkubwa wa ofisi fulani. Dereva wake alibaki na gari barabarani. Alikuwa na kanda ya video ya harusi na alitaka aondoke nayo siku ile ile. Fundi alimsalimia kwa heshima zote, akampa kiti, ambacho ndicho kiti pekee kilichokuwa kimebaki, akamwambia, "Karibu sana bwana. Wewe ni namba 17. Mbele yako yuko mwalimu huyu na vijana wawili." Yule bwana akasema alikuwa na haraka. Fundi akasema, "Naelewa," akaendelea kusafisha hedi kwa kijiti cha pamba. Baada ya muda yule bwana akatoa kanda yake, akachukua risiti, akaenda zake bila ugomvi. Wale vijana wawili, mmoja kaja na redio ya bibi yake, walitazamana. Sikuona mtu akidharauliwa pale na sikuona mtu akipandishwa. Mimi nafundisha Uraia, na kipindi cha utawala bora huwa nakifundisha kwa ubao na chaki. Laiti ningekuwa na darasa langu zima mle chumbani.

Kaseti inahamishwa kwa mwendo wake wenyewe, hakuna njia ya mkato. Fundi alinipa hedifoni nisikilize inavyoingia kwenye kompyuta. Kabla ya hapo aligeuza kiskrubu kimoja pembeni ya hedi, kidogo tu kama upana wa unywele, kwa sababu redio ya ami ilirekodi hedi yake ikiwa imepinda, na deki yake lazima ipinde vilevile ndipo sauti iwe wazi. Alipokigeuza, ile sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi ikatoka nje. Mwalimu yule pale. Na kule kwa mbali, bibi: "Kasema nini?"

Sikuweza kujizuia. Fundi akanyanyuka, akanipisha, akaenda kununua kahawa, akarudi na vikombe viwili na kashata. Hakuuliza kitu.

Nikasikiliza yote. Kuna mambo niliyokuwa nayakumbuka kama hadithi za utotoni, kumbe ni hoja. Anasema Ikulu ni mahali patakatifu, na kwamba yeye hakuchaguliwa na watu ili apageuze kuwa pango la walanguzi; anauliza Ikulu kuna biashara gani hata watu wapakimbilie. Anasema Serikali ya wala rushwa haikusanyi kodi, inabaki kukimbizana na watu wadogo wadogo barabarani. Hili baba alilirudia mara mbili kwa bibi, neno kwa neno, na baada ya mara ya pili unamsikia ami kwa nyuma anasema, "Eee, hilo hilo."

Kisha anakuja kwenye viboko. Mwalimu anaeleza kuwa zamani sheria yao haikumpa hakimu nafasi ya kumhurumia mla rushwa: kifungo, na viboko 24, kumi na viwili siku anayoingia jela, kumi na viwili siku anayotoka, akamwoneshe mkewe. Watu wa Mbeya wanacheka kwa kishindo. Baba anamweleza bibi. Kimya kidogo, halafu bibi anauliza, "Mkewe kakosa nini?"

Miaka yote hii sikukumbuka kuwa bibi aliuliza hivyo. Ni swali la haki kabisa, na sijapata kulisikia likiulizwa na mtu mwengine yeyote.

Kaseti ya pili ni nzito zaidi. Ndiyo ya nyufa: nchi ni kama nyumba, tetemeko likipita ndipo unapoona ufa uko wapi. Anazihesabu. Muungano. Kuendesha mambo bila kujali sheria. Rushwa. Ukabila. Udini. Na pale kwenye Muungano anafika mahali ambapo sisi wa Pemba hatuwezi kusikiliza kama tunasikiliza habari za mtu mwengine. Anasema mkianza kubaguana, sisi Wazanzibari na wao Watanganyika, haitaishia hapo. Mtakuja kugundua kuwa kuna Waunguja na kuna Wapemba. Dhambi ya ubaguzi anaifananisha na kula nyama ya mtu, kwamba aliyeionja haachi.

Bibi anauliza kasema nini. Baba hajibu mara moja. Unasikia mvua tu, na ile sauti ya utepe. Halafu baba anasema, "Kasema tusibaguane." Basi. Maneno mengine yote kayaacha.

Nilipokuwa mtoto sikujua kwa nini. Miezi michache baadaye, mwezi wa Oktoba, Zanzibar ilipiga kura, na matokeo ya urais yaliyotangazwa yalikuwa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, asilimia 49.8, majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. Waliokuwepo mnajua miaka iliyofuata ilikuwaje kati ya majirani, watu hawazikani, hawaalikani harusi, msikiti mmoja unakuwa miwili. Baba aliuona ufa ule usiku ule na hakutaka kuutaja kwa sauti kubwa mbele ya watoto.

Niseme wazi pia, kwetu si kila mtu anamsifu Mwalimu. Ziko nyumba Pemba ambazo jina lake likitajwa mazungumzo yanakatika, na wana sababu zao. Baba mwenyewe alikuwa na yake. Lakini alikuwa akituambia tutazame linalosemwa, tusimtazame anayesema, na kwa hilo namshukuru. Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri kuwa kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ilikuwa makosa. Kwangu mimi nasaha za kiongozi aliyeondoka zinapata uzito pale anapotaja na kosa lake mwenyewe, kama fundi anayekuambia waya huu niliuunganisha vibaya mimi.

Nililipa shilingi 20,000, nikapewa risiti nyengine ya kaseti ya tatu, nikachukua flashi yangu na kaseti zangu mbili, nikarudi Pemba na furaha kama nimebeba mtoto.

Hapa ndipo penye lawama yangu.

Nilipofika Wete niliwaita watu wa nyumbani. Ami, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, tukamkalisha kitako ukumbini. Nikatia flashi. Mwalimu akasema, safi mno, safi kuliko nilivyomsikia Mlandege. Mvua hakuna. Kuku hakuna. Nikangoja bibi aulize. Hakuuliza. Pale ambapo baba anarudia maneno, palikuwa na kitu kama mtu anayezungumza chini ya maji, kisha kimya, kisha Mwalimu tena. Hata watu wa Mbeya walipocheka ile ya viboko, kicheko kilikatwa katikati kikawa kama upepo.

Ami akaniuliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Fundi alikuwa ameipitisha sauti kwenye programu ya kuondoa makelele. Kwa kompyuta, bibi ni makelele. Baba ni makelele. Ndivyo ilivyofundishwa, kwamba sauti kubwa ndiyo inayotakiwa na zilizo chini yake ni taka. Lakini fundi ana masikio, na aliniona nikilia, na alipaswa kuniuliza. Hakuniuliza. Hilo ni kosa na naliandika kama kosa. Kazi ya mtu haiguswi zaidi ya alivyoomba bila kuambiwa, hata kama nia ni nzuri na hata kama ni bure.

Usiku ule sikulala. Nilimfikiria Mwalimu peke yake ndani ya ile flashi, anasema na hakuna anayemsikiliza, hakuna anayecheka wala anayeuliza. Hotuba imekuwa safi na imekufa. Nasaha za utawala bora zimo humo zote, nzima, hakuna neno lililopotea, ila wale waliokuwa wanatawaliwa wametolewa.

Asubuhi nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, kosa ni langu. Nilidhani nakupendezesha. Sikukuuliza." Hakutaja kompyuta, hakumtaja kijana wake, hakusema wateja wengine wanapenda hivyo. Akaniambia nakala ile ghafi ameshaifuta, kwa hiyo nimpelekee kaseti upya, na nauli ya atakayezileta atairudisha yeye. Nikampa mtoto wa dada yangu aliyekuwa anarudi chuoni Unguja. Baada ya siku nne flashi ikarudi na mafaili mawili kwa kila kaseti, moja kaliita KAMA ILIVYO na jengine SAFI, na ndani ya bahasha shilingi za nauli, kamili. Kwenye karatasi ya bei ukutani, mtoto wa dada yangu ananiambia, sasa kuna mstari mpya: tunasafisha sauti kwa ruhusa ya mwenyewe.

Bibi amerudi. Ami alisikiliza kaseti ya nyufa yote amefumba macho, na pale baba anaposema "Kasema tusibaguane," akaitikia kwa sauti, kama vile anamjibu mtu aliyekaa pembeni yake.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nampa fundi huyu sifa wakati alinipotezea sauti ya bibi yangu kwa wiki nzima. Kwa sababu nimezunguka ofisi nyingi maishani mwangu kutafuta karatasi, na nimekoseshwa mara nyingi, na mara chache sana nimemsikia mtu akisema neno "langu" baada ya neno "kosa". Mzee Mwinyi huyu wa kaseti ya tatu alilisema. Miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, na yeye hakuwapo, hakuwagusa. Akajiuzulu. Akapelekwa ubalozi Misri, akarudi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka uliofuata Rais wa Muungano. Nikifundisha uwajibikaji siku zote huanzia kwake, na wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba kiti kilichomponyoka hivyo ndicho kilichomrudia kikubwa zaidi.

Na alipomaliza miaka 10 aliondoka. Kwetu hapa hilo limekuwa desturi tunayoiona ya kawaida kama kujaa na kupwa kwa maji, marais wa Zanzibar wakaondoka hivyo hivyo, Salmin 2000, Karume 2010, Shein 2020, kila mmoja na miaka yake 10, lakini haikuwa ya kawaida kabla ya watu kuizoesha, na mwaka 2000 ilibidi watu wakatae kuigusa Katiba ndipo ikadumu. Mzee Mwinyi alipenda kusema maisha ya mtu ni hadithi, basi awe hadithi njema kwa watakaosimuliwa. Alifariki Februari 2024, akazikwa Mangapwani, skuli aliyosomea utotoni haiko mbali na kaburi lake. Nataka sana kusikia aliaga vipi. Nataka kusikia baba alimrudia nani maneno yake, maana kufikia hapo bibi alikuwa mgonjwa.

Jengine la mwisho kabla sijamaliza na nasaha. Niliipeleka faili ya KAMA ILIVYO skuli, kidato cha pili, nikawasikilizisha dakika kama ishirini za Mbeya kwa spika ndogo ya simu. Nilitayarisha maswali ya mtihani: taja mambo matatu yanayodhoofisha utawala bora, na kadhalika. Wakayajibu. Lakini karibu na mwisho wa upande wa kwanza kuna mahali bibi anasema, "Na karafuu zetu, hakusema kitu?" Wakati ule mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu, shirika la Serikali, na bei ilikuwa ileile anayoambiwa, wengine walikuwa wanavusha kwa magendo usiku kwenda Mombasa na wakikamatwa ni balaa. Baba anamjibu, "Ngoja mama, hajamaliza." Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye kwao wana mikarafuu, akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, yule bibi alijibiwa?"

Nikamwambia nitaisikiliza tena mpaka mwisho. Nimeisikiliza. Hakujibiwa.

Basi, kwa mwenye kaseti: nenda asubuhi, kwa sababu saa nne tayari kuna watu. Chukua risiti. Usiipige kaseti nyumbani kama ina weupe pembeni, hata kwa kuijaribu dakika moja. Kama utepe umelegea, ukaze kwa penseli kwenye tundu lake kabla hujasafiri. Vunja vile vijimeno viwili vya juu kama bado vipo, mtoto asije akarekodi juu yake. Hesabu muda wa kukaa: kaseti mbili za dakika 90 ni saa tatu, na kuna kiti kimoja tu cha ziada. Na mwambie fundi kwa mdomo wako, hata kama mstari ule upo ukutani, kwamba unataka kila kitu kilichomo, pamoja na mvua.

Kaseti ya tatu bado iko kwake, ndani ya kopo la maziwa. Juzi alinitumia picha: weupe umepungua, amekunjua robo ya utepe kwa mkono, na amepata ganda zuri lenye skrubu. Amesema nimpe muda zaidi. Nimemwambia asiharakishe.